Wifi Yangu Dirishani

Kule Mbeya nilikuwa na kibanda changu cha chakula jirani na maegesho ya malori, na wifi yangu ndiye aliyekuwa akinioshea vyombo. Naanza na jambo hili kwa sababu bila kulijua, mtu hawezi kuelewa nilivyoumia baadaye.

Wifi ni mdogo wa mwisho wa mume wangu. Aliacha shule mapema, akaja kuishi nasi, nami nikampa karai na sabuni. Alikuwa mzuri wa maneno kuliko wa kazi. Dereva akisimama kuomba kijiti cha meno, wifi alikuwa na hadithi ya kumsimulia, na sahani zinamngoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikipaza sauti: "We mtoto, maji yanapoa!" Wateja waliniheshimu. Nikisema wali umekwisha, hakuna aliyebisha.

Kisha mume wangu akapata kazi Likasi, mji ulio ng'ambo ya Zambia, ya kutengeneza injini katika yadi ya malori ya tajiri mmoja wa kwetu. Akatangulia. Alipopiga simu alikuwa na furaha tele. "Huku wanaongea Kiswahili," aliniambia. "Njooni wote. Hamwezi kukosa kazi."

Nilimwamini. Niliwahi kusikia watu waliokwenda nchi za mbali wakakaa kama mabubu mwaka mzima, na niliwaonea huruma. Mimi nilikuwa nakwenda mahali ambapo lugha yangu imeshatangulia. Kama ni Kiswahili, nilijiambia, mimi ndiye nitakayewafundisha wao. Niliuza masufuria, nikabaki na mwiko mmoja na aproni yangu nyeupe, tukaondoka mimi, wifi, na binti yangu ambaye alikuwa hajaanza shule. Tulipita Tunduma, tukakata Zambia, tukaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa.

Pale mpakani ofisa aliniuliza jambo mara mbili. Nilitambua neno moja kati ya mawili, na hayo yaliyobaki katikati ndiyo yaliyokuwa na maana. Nilipogeuka kumtafuta wifi, nilimkuta amechuchumaa kwa wanawake wauza maandazi, anacheka nao. Alikuwa hajaelewa zaidi yangu. Tofauti ni kwamba yeye hakuona aibu.

Likasi tulipanga vyumba viwili mtaa wa Kikula. Mume wangu alikuwa amesikia kuhusu mama mmoja mwenye malewa, yaani kibanda cha chakula kama cha kwangu cha Mbeya ila kikubwa zaidi, upande wa Shituru ambako wafanyakazi wa kiwandani hula mchana. Mama huyo alikuwa anatafuta mtu wa kuhudumia dirishani. Ijumaa moja nilivaa vizuri nikaenda, na wifi akanisindikiza.

Mama mwenyewe alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kukwaruza. Alinitazama juu hadi chini, akaniuliza, "Weye uko bibi ya nani?"

Nilishtuka. Nilijua nimechakaa kwa safari, lakini si kiasi hicho. "Mimi si bibi, mama," nilisema kwa adabu. "Nina mtoto mmoja tu, na bado ni mdogo."

Wasichana wa jikoni walicheka hadi mmoja akaegemea ukuta. Wifi akaniinamia sikioni. "Wifi, nadhani wanasema mke." Halafu, kabla sijafungua mdomo, akamjibu yule mama: "Ni bibi ya kaka yangu, fundi wa malori."

Tazama alivyolidaka. Neno lilikuwa limetoka mdomoni mwa mama yule sasa hivi tu, nalo tayari lilikuwa mdomoni mwake.

Mama akanigeukia tena, akasema kwa haraka, "Kuya lundi, à sept heures." Nikaitikia kwa kichwa. Niliambulia kwamba nije, na kwamba kuna Lundi.

Njiani wifi aliuliza, "Kasema uje lini?"

"Kesho asubuhi. Nimwone Lundi."

Tulipopita kwa mama muuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi wanachokipenda huko, wifi alisimama akazungumza naye. Sikumsubiri. Alinikuta nyumbani akasema, "Wifi, nimeuliza, hilo neno si..." Nikamkatiza. Nilimwambia asinifundishe kazi ya chakula, kwani alijifunzia kwangu.

Asubuhi ya Jumamosi nilifika Shituru nimekunja aproni yangu kwapani. Wanaume walikuwa wameshaanza kupanga foleni dirishani. Nilimwendea msichana aliyekuwa akisonga bukari, yaani ugali, nikamwambia, "Samahani, namtafuta Bwana Lundi."

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Nani?"

"Bwana Lundi. Nimeambiwa nije nimwone."

Aliwaita wenzake, akanitaka nirudie. Nilirudia. Mwanaume mmoja wa kwenye foleni, mwenye kofia ya plastiki ya kiwandani, akapaza sauti: "Lundi hajafika, mama! Yee anakuyaka nyuma ya dimanche!" Foleni nzima ikalipuka kwa vicheko. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka nao, nikidhani huyo Bwana Lundi ana sifa ya kuchelewa kazini.

Mama mwenye malewa alitoka akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mama, lundi ni siku," alisema. "Hapana muntu. Leo ni samedi. Kisha dimanche. Kisha lundi." Alinihesabia kwa vidole taratibu, kama anavyohesabiwa mtoto.

Jumatatu. Alikuwa ameniambia nije Jumatatu saa moja asubuhi.

Siku hiyo ilipofika wifi aliamka mapema, akavaa, akasimama mlangoni. "Twende, wifi. Leo ndiyo yenyewe."

"Siendi kuchekwa tena."

"Basi niende mimi niwaambie unaumwa?"

"Nenda wewe," nilisema, kwa sauti ile ambayo mtu yeyote mwenye akili angeelewa kwamba maana yake ni usiende. Wifi alikwenda. Alirudi jioni ananuka moshi na samaki, ameajiriwa dirishani.

Mume wangu alifurahi. "Huyu mdogo wangu ana bahati na watu," alisema huku ananawa. Nilimpakulia chakula. Bahati gani? Ile ilikuwa nafasi yangu. Mimi ndiye niliyeendesha kibanda, mimi ndiye niliyejua wateja wanavyopangwa wakiwa na njaa, na sasa mtu niliyempa karai alikuwa anakaa dirishani na mimi niko nyumbani nachambua lengalenga, mchicha wa huko, ambao hata jina lake nililipata kwake.

Kila jioni alirudi na maneno mapya kama mtu arudivyo na mfuko wa sokoni. Alisema "minye", yaani mimi, na "weye". Alisema "bantu" na "batoto". Akiwa na kitu, alisema "niko na". Kifaransa alikiokota vipande vipande, kibaya, bila kujali kama kipande kimevunjika. Mimi nilikuwa nikitunga sentensi kichwani hadi iwe safi, na ikishakuwa safi mtu niliyetaka kumwambia ameshaondoka.

Binti yangu ndiye aliyenimaliza. Alianza shule, na kabla ya mvua kukoma alikuwa anazungumza kama watoto wa jirani. Akaacha kumwita wifi shangazi, akawa anamwita tantine kama wanavyowaita wao. Walikaa kizingitini jioni, wawili hao, wakiimba nyimbo za shule na kucheka vitu nisivyovielewa. Siku moja nilimtuma mtoto dukani nikamwambia anunue nyanya. Akasema, "Mama, ukisemaka vile hawatasikia. Tantine anasemaka tomati." Alisema kwa upole, kunisaidia. Nilikwenda uani nikaanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Wivu wa mume nilikuwa nimeusikia, na watu wanauongea hadharani. Huu wangu sikujua nimwambie nani. Ningesemaje? Kwamba namwonea wivu msichana kwa ajili ya ulimi wake?

Ikafika siku wifi akarudi na habari kwamba anatakiwa mtu wa kuosha vyombo kule kwenye malewa. "Nimekusemea kwa mama," alisema, akichezea pindo la kitenge chake. "Kama utapenda."

Nilitaka kukataa. Nilikubali kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu anachokifanya dirishani kinachowafanya watu wampende hivyo.

Nilikiona. Karai langu lilikuwa nyuma ya jiko, na kutoka pale nilimwona mgongoni siku nzima. Wanaume walikuja wamechoka, wana vumbi jekundu hadi kwenye kope, na wifi alimpata kila mmoja kwa neno lake. "Weye jana hukukuya, ulikula wapi? Uliniacha?" Mwanaume mwenye uso wa mawe alicheka kama kijana. Kisha wifi akageuka jikoni na kupiga kelele, "Samaki mbili, sombe moja, bukari mingi!" Sombe ni kisamvu. Mama mwenye malewa, aliyewafokea wote, alimwita mutoto yangu. Mimi aliniita mama ya vyombo.

Nikiwa nimeinamia karai nilianza kurudia. Wifi alisema neno kule mbele, nami nikalisema chini kwa chini ndani ya sufuria tupu, na sufuria ikanirudishia kwa sauti nzito. Beko nangoya, wanangoja. Iko wapi. Anakuya. Nilimwibia maneno yake kutoka mgongoni, na yeye hakujua. Au nilidhani hajui.

Katika foleni ile alikuwamo kijana mmoja fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Kambove, mpole, aliyekuwa akila taratibu mno kwa mtu mwenye nafasi fupi ya mapumziko. Alikuwa akitazama dirishani zaidi ya kutazama sahani. Haukupita muda mrefu wifi akatuambia kwamba kwao kijana wanataka kuja kujitambulisha. Mume wangu akapanga nao Jumapili, baada ya ibada.

Katikati ya juma wifi alinifuata nilipokuwa nafua. "Wifi, nina neno. Kwao wanataka nikakae Kambove kwa mama mkwe. Mimi sitaki kuacha kazi. Mwenzangu naye yuko tayari tukae hapa, ila hawezi kumjibu mjomba wake. Mwambie kaka alisemee hilo."

"Nitamwambia," nilisema, na kweli nilimwambia.

Lakini Jumamosi lori moja lilikufa njia ya Kolwezi, mume wangu akaitwa kwenda kulitengeneza. Jumapili mchana alipiga simu, nyuma yake vyuma vinagongana. "Siwahi. Wapokee wewe."

"Nitawaambia nini?"

"Wameshatoka Kambove. Usiwarudishe."

Waliingia watu wanne: mjomba wa kijana, aliyevaa koti zito kwenye joto lile, wanawake wawili waliofunga vitambaa vya kanisa lao, na kijana mwenyewe amebeba kreti la soda. Wifi, kwa desturi, alikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia. Haruhusiwi kutoka wala kusema. Tangu tuvuke mpaka, hiyo ilikuwa mara ya kwanza yeye kunyamaza na mimi kutakiwa kusema.

Mjomba aliomba sala ndefu, nusu Kifaransa, macho yamefumbwa sana. Kisha akasema, "Mama, tulipita hapa, tukaona maua mu nyumba yenu. Tumekuya kuuliza."

Hayo niliyaelewa, kwa sababu hata kwetu posa huanza na maua. Nikakaa vizuri nikajibu, "Karibuni sana, wazee wetu. Ua mliloliona lipo, ila mwenye shamba amepatwa na dharura, hivyo amenikabidhi jukumu la kuwapokea."

Walitazamana. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kiswahili bora." Ndivyo wanavyokiita cha kwetu, na siku zote sikujua kama ni sifa au ni kejeli. "Dharura, ni mgonjwa?" mjomba aliuliza kwa wasiwasi.

Jasho lilinitoka. Nilitazama pazia. Halafu nikafungua mdomo, na kilichotoka ni vile nilivyokuwa nikivisema ndani ya sufuria. "Apana, papa. Bwana yangu iko mu njia. Camion ilikufa. Alisema minye nibapokee."

Nyuma ya pazia kulisikika kicheko kidogo, kama cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja.

Lakini wageni hawakucheka. Nyuso zililegea. Mjomba alifungua kifungo cha koti. "Aah! Camion! Mungu amusaidie." Maneno yakaanza kwenda. Nilikosea mengi, wakanisahihisha bila kusimamisha mazungumzo, jinsi mtu anavyomwondolea mwenzake uzi begani. Tulikubaliana kwamba mambo ya dot, yaani mahari, yatamsubiri mume wangu. Kisha mjomba akaweka chupa yake chini.

"Basi, mama. Kisha ndoa, tutamubeba mutoto Kambove. Ataikala na mama mukwe yake. Iko sawa?"

Kijana alikuwa akitazama viatu vyake.

Nilimfikiria wifi akiwa Kambove. Nililiona dirisha tupu. Nilimwona binti yangu amekaa kizingitini peke yake, akisubiri mtu wa kuimba naye, na mtu huyo ni mimi. Kilichohitajika ni neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa lilelile la kwetu. Sawa. Hilo sikuwa na haja ya kujifunza.

"Apana, papa," nilisema. "Mutoto yetu iko na kazi. Bantu beko namungoya kila siku. Ataikala huku Likasi na bwana yake. Kambove atakuya kubasalimia."

Mjomba alikunja uso. "Ni yee anataka vile, ao ni weye?"

"Ni yee. Kama ni minye, angeenda hata leo."

Mwanamke aliyekuwa karibu nami akanipiga paja akicheka, na mwenzake akafuata, na mjomba mwenyewe akatikisika ndani ya koti lake. Walidhani ni utani wa mawifi. Baada ya kicheko kile hakuna aliyeweza kurudi kwenye ukali. Mjomba alimwuliza kijana kama anakubali kukaa Likasi, kijana akasema ndiyo haraka mno, wakacheka tena.

Walipoondoka wifi alitoka nyuma ya pazia anafuta machozi ya kicheko. "'Minye nibapokee'! Wifi, umelitoa wapi?"

"Kwako."

Alianza kukusanya chupa. Baada ya muda akauliza bila kunitazama, "Ulivyosema kwamba kama ni wewe ningeenda hata leo. Ulimaanisha?"

"Ndiyo."

"Najua," alisema, akachukua bilauri akaenda kuziosha. Nilizifuta mimi.

Aliolewa, wakapanga chumba mtaa wa pili kutoka kwetu, na binti yangu anakwenda huko kila atokapo shule. Kule kwenye malewa, mama alitoboa dirisha la pili kwa sababu foleni ilikuwa inafika barabarani, akaniuliza kama nitaweza. Nikamwambia, "Minye nitaweza." Akasema basi nivue buti zangu za kuoshea vyombo.

Kwa hiyo sasa tunakaa madirishani wawili. Nahudumia haraka kuliko yeye, sikosei oda, chakula changu hakipoi. Na foleni yake ni ndefu kuliko yangu. Siyo kila siku, lakini siku nyingi. Wanaume husimama kwake juani wakati kwangu kuna kivuli na nafasi. Ninaitazama ile foleni. Siachi kuitazama.

Juzi mmoja alichoka kungoja akaja kwangu. Sikumfahamu, nadhani ni mgeni kiwandani. Tuliongea vizuri, jua, kazi, mvua iliyochelewa, na niliona kwamba hajashtuka, hajanishangaa, ananisikia kama anavyomsikia mtu mwingine yeyote. Moyo wangu ukapanda. Halafu sijui neno gani lilinitoka vibaya, akainamisha kichwa. "Mama, weye unatokea wapi?"

"Tanzania."

"Ah." Akamwonyesha wifi kwa kidevu. "Na ule dada kule? Yee ni muntu ya hapa, kabisa."

"Ni wifi yangu. Tulikuja pamoja, siku moja."

Alimtazama wifi, aliyekuwa akimtania mzee mmoja kwa Kifaransa chake kilichovunjika. Akarudisha macho kwangu, akatabasamu kama mtu aliyeponea chupuchupu kudanganywa. "Apana, mama. Ule? Haiwezekane."

Nilimwapia. Alicheka, akakataa katakata kuniamini, akanyoosha sahani apewe samaki. Nikamchagulia mkia, wenye miiba mingi.